Miezi kumi na minne ya kuachana na mkaa katika nyumba moja ya Ngamiani

Gunia la mkaa lilikuwa likitutosha siku 28. Nyumba ina watu saba, iko Ngamiani, Tanga mjini, na gunia tulilinunua kwa shilingi 65,000. Siku tuliyoamua kulipima kwa mzani kabla ya kulimwaga, lilitoa kilo 58, na kilo nne kati ya hizo zilikuwa vumbi na chenga zisizoshika moto. Kwa mwaka yanatoka magunia kumi na matatu, yaani kilo 754 za mkaa na shilingi 845,000.

Hesabu ya pili ndiyo iliyouma zaidi. Tanuri la udongo la kule porini hula kilo sita hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Kilo 754 basi ni tani nne na nusu hadi saba na nusu za miti, kila mwaka, kwa nyumba moja isiyofuja kitu. Mche wa mwarobaini uliopandwa nyuma ya nyumba, ambao kila mtu aliusifia, ulikuwa bado haujafika usawa wa kiuno.

Hapa Tanga jambo hili haliko mbali na bomba la maji. Maji ya mjini hutoka bwawa la Mabayani, lililojengwa kwenye mto Zigi, na Zigi unaanzia milima ya Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani. Mlima ukivuliwa miti, mvua ya masika hushuka na udongo badala ya kuzama ardhini, na kiangazi mto hukonda. Sipandi jukwaani kuhubiri misitu. Nataka tu ieleweke kwa nini nyumba iliyotaka kufanya jambo kuhusu tabianchi ilianzia kwenye sufuria ya maharage.

Na ilianza vibaya. Kitu cha kwanza kilikuwa kununua chombo. Tulinunua jiko la umeme la sahani mbili, wati 2,000, kwa shilingi 75,000, likachomekwa kwenye ekstensheni iliyokuwa ikitumika kwa redio na chaji za simu. Sahani mbili zikiwaka pamoja huvuta karibu ampea tisa. Waya ule mwembamba ulipata joto, plagi ikalainika, na siku ya tano soketi ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Fundi alipofungua alikuta soketi ya jikoni imeungwa kutoka kwenye laini ya taa, waya wa milimita moja na nusu. Laini ya soketi hutakiwa waya wa milimita mbili na nusu wenye swichi yake ya usalama kwenye boksi kuu. Kazi hiyo, pamoja na waya na soketi mpya, ilikuwa shilingi 62,000. Tungeifanya kwanza, tusingekaribia kuunguza nyumba.

Jiko la sahani lenyewe lilikuwa chaguo baya kwa mapishi yetu. Maharage makavu juu ya sahani huchukua saa mbili na nusu au tatu, na muda wote huo umeme unatoka huku nusu ya joto ikipotelea hewani. Mwezi ule LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ilikula uniti 101 (uniti ni kilowati-saa moja), wakati kawaida yetu ilikuwa 64. Nitaieleza hesabu ya LUKU baadaye kwa sababu ndiyo inayowatisha watu wengi, na wana haki ya kuogopa.

Baada ya hapo tulinunua daftari, na kwa wiki mbili kila kilichopikwa kiliandikwa: chakula gani, mkaa kiasi gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Mkaa ulipimwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya lita nne, ambayo ikijaa mkaa mkavu inakaribia kilo moja. Daftari lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Ugali, wali na mboga za majani havikuwa tatizo kubwa. Karibu nusu ya mkaa ilikwenda kwenye vyakula vya kuchemka muda mrefu: maharage, mbaazi, makande, kisamvu. Robo nyingine ilikwenda kwenye maji, ya kunywa na ya kuoga. Ukijua hivyo, unajua pa kuanzia. Nyumba yako inaweza kuwa tofauti na hii, kwa hiyo usiruke hatua ya daftari.

Maji yalikuwa rahisi kuliko vyote. Ya kunywa tulikuwa tukichemsha lita kumi kila siku. Vidonge vya klorini vya kutibu maji vinauzwa madukani na kwenye maduka ya dawa. Kidonge cha kipimo cha lita 20 kinatiwa kwenye ndoo safi yenye mfuniko, kinasubiriwa nusu saa, basi. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu tope huila dawa kabla haijawafikia vijidudu. Asiyependa harufu ya klorini aweke maji kwenye chupa za plastiki angavu zisizozidi lita mbili, azilaze juani juu ya bati kwa saa sita. Mawingu yakitanda, siku mbili mfululizo. Siku ya mvua njia hii haifanyi kazi, na kwa maji ya rangi ya chai pia haifanyi kazi. Ya kuoga yanapata joto la kutosha kwenye dumu jeusi lililoachwa juani toka asubuhi. Jua la Tanga halihitaji kubembelezwa.

Kisha yakaja mambo ya jikoni yasiyogharimu chochote, na ninayaweka mbele ya vifaa kwa makusudi. Roweka maharage, mbaazi na vingine vya jamii ya kunde usiku kucha, saa nane au zaidi, kisha mwaga maji yale na upike kwa maji mapya. Maharage yaliyorowekwa hupungua muda wa kuiva kwa theluthi hadi nusu. Funika sufuria kwa mfuniko unaokaa sawasawa. Sinia lililoegeshwa juu linaacha mvuke utoke pembeni. Ikishachemka, punguza moto. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya maji yanayotokota taratibu, kinachoongezeka ni mvuke tu. Kwenye jiko la mkaa, punguza kwa kufunga kimlango cha chini. Majira ya kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, upepo wa uani huulisha moto hewa nyingi na mkaa unaisha kabla ya chakula kuiva. Kipande cha bati upande wa upepo kilituokolea karibu nusu sado kwa siku.

Na mkaa uliobaki baada ya kupika uzimwe kwenye debe lenye mfuniko, usiachwe ujifie wenyewe. Usiuzime kwa maji ndani ya jiko. Kauri ya jiko bora, lile la mkaa lenye udongo uliochomwa ndani, ikimwagiwa maji ya baridi wakati ina moto hupasuka, na ufa ukishaanza jiko halidumu. Tulipasua moja hivyo, lililokuwa na miezi minne tu. Wala usiingize ndani jiko lenye makaa yanayofifia eti lisinyeshewe. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke.

Mambo hayo peke yake yalilivuta gunia kutoka siku 28 hadi 41. Hakuna shilingi iliyotumika zaidi ya bei ya vidonge.

Kikapu ndicho kilichofuata, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Wazo lake ni la zamani: chakula kikishachemka hakihitaji moto, kinahitaji joto lisitoroke. Tulichukua kikapu kikubwa cha ukindu, upana wa sentimita 50 na kina cha 45. Ndani tuliweka sufi, ile ya kujazia mito, iliyoshonewa kwenye mifuko ya kitenge kikuukuu: mfuko mmoja wa chini, mmoja mrefu wa kuzunguka, na mto mnene wa kufunika juu. Sufi ishindiliwe kiasi tu, unene usipungue sentimita kumi kila upande. Ikishindiliwa sana hewa inatoka, na hewa iliyotulia katikati ya nyuzi ndiyo inayozuia joto. Nguo za zamani au mabaki ya godoro pia hufaa. Nyuzi za mkonge tulizijaribu, zipo tele mkoa huu, lakini ni ngumu na zinaacha mianya. Zinafaa kwa tabaka la nje. Jumla ilikuwa shilingi 14,000, nyingi zikiwa za sufi.

Sufuria iwe na masikio mafupi na ijae robo tatu au zaidi. Hapo ndipo tulipokosea wiki za mwanzo: sufuria iliyojaa nusu haina joto la kutosha kujitunza, maharage yakatoka magumu, na nyumba nzima ikakiita kikapu cha uongo. Maharage yaliyorowekwa yachemke kwa nguvu dakika 20, sufuria ihamishwe haraka bila kufunuliwa, ifunikwe, iachwe saa tatu hadi nne. Zile dakika za kuchemka kwa nguvu si za hiari. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huvunjwa na mchemko kamili wa dakika kumi au zaidi. Joto la chini, kama la kwenye kikapu, haliivunji. Kikapu ni cha kumalizia.

Maji yapungue kwa robo kulinganisha na kawaida, kwa kuwa mvuke hautoki. Wali uchemke dakika tano na ukae kikapuni nusu saa au dakika 40. Chakula kikitolewa kichemshwe tena kidogo kabla ya kuliwa, na kisikae humo zaidi ya saa tano. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana. Sufuria ya wali iliyoachwa kikapuni tangu saa kumi jioni hadi alfajiri ilichacha, na hasara ile haikumhusu yeyote ila aliyefikiri kikapu ni friji. Mifuko ya kitenge ifuliwe na kuanikwa kila wiki mbili, maana mvuke huilowesha na sufi ikiota ukungu inanuka moja kwa moja.

Mwezi wa sita ndipo jiko la presha la umeme liliponunuliwa, la lita sita, wati 1,000, kwa shilingi 190,000. Kama laini ya soketi isingekuwa imeshatengenezwa, nisingemshauri mtu yeyote alichomeke. Lenyewe huvuta ampea nne na kitu, kwa hiyo halina fujo ya jiko la sahani, lakini liende moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni.

Njia ya kujua linakula umeme kiasi gani ni nyepesi. Zima friji na feni, soma salio la uniti kwenye mita, pika, soma tena. Nusu kilo ya maharage yaliyorowekwa na maji lita moja na robo yalikaa kwenye presha dakika 28, kisha yakaachwa yapoe yenyewe dakika 15. Mita ilipungua uniti 0.35. Yasiyorowekwa yalihitaji dakika 50 na yakatoka yamepasuka nje, yana kiini kigumu. Mbaazi kavu zilizorowekwa, dakika 22. Kunde, 14. Makande ya mahindi yaliyokobolewa, dakika 40. Umeme ni mdogo kiasi hicho kwa sababu jiko hujizima presha ikifika na kuwaka kidogo tu kuitunza.

Kuna vyakula vinavyotaka uangalifu. Tui la kasimile, yaani tui zito la kwanza, lisiingie kwenye presha. Huganda, hukatika na kuacha mafuta yanayoelea. Mbaazi za nazi zipikwe kwa tui jepesi au maji, presha itoke, mfuniko ufunguliwe, ndipo tui zito litiwe na kukorogwa kwa moto mdogo. Mzee wa nyumba, ambaye hakutaka kabisa kusikia habari za presha, alikubali siku mbaazi zilipopikwa hivyo. Kisamvu kina sumu yake pia, ile ya mihogo, na hiyo hutoka na mvuke. Kitwangwe hadi kilainike, kichemshwe wazi bila mfuniko dakika 20, ndipo kifungiwe. Ukikifungia moja kwa moja unaizuia sumu itoke.

Usijaze kupita theluthi mbili, na kwa maharage usipite nusu, kwa sababu hutoa povu na maganda yake hupanda hadi kwenye tundu la mvuke. Kila baada ya kupika maharage ng'oa kifuniko cha valvu na utoboe tundu kwa pini. Usilazimishe mfuniko kufunguka. Kama haufunguki kwa wepesi, presha bado imo. Mwiko uwe wa mti, upawa wa chuma huchubua sufuria ya ndani. Kabla hujanunua, muulize muuzaji raba ya mfuniko inauzwa wapi hapa hapa Tanga. Raba yetu ilianza kuvuja mvuke mwezi wa nane, ikatafutwa wiki tatu, ikapatikana kwa shilingi 15,000. Wiki hizo tatu jiko la laki na tisini lilikaa kabatini na mkaa ukarudi. Sasa kuna raba ya akiba kwenye droo.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni umeme mdogo wa jioni. Saa moja usiku kipimo cha fundi kilisoma volti 178 badala ya 230. Watu hudhani umeme ukipungua kwa robo, joto nalo linapungua kwa robo. Hapana. Nguvu ya kifaa cha kupasha hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo jiko la wati 1,000 lilikuwa likitoa wati 600 tu, na maji yalichukua karibu mara mbili kufika kwenye presha. Uniti hazizidi sana, muda ndio unaokwisha. Pika maharage asubuhi au mchana, jioni uyapashe na kuyaunga.

Sasa LUKU. Kwa bei zilizokuwa zikitumika tulipofanya hesabu hizi, mteja wa nyumbani wa daraja la chini, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na pamoja na kodi na tozo inakuwa 122. Ndiyo maana watu wengi wanaijua ile 9,150 ya uniti 75. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350, ambayo kwa kodi ni 427. Ukizoea kuvuka unahamishiwa daraja la T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni kama 356. Mwezi wa jiko la sahani, uniti 101, tulilipa 9,150 na juu yake 11,102 za uniti 26 za ziada. Kama tungeendelea hivyo tungehamishwa.

Kwa hiyo nafasi ya kupikia ilibidi itafutwe ndani ya uniti 75. Ilipatikana kwenye taa. Globu tatu za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 27 kwa mwezi. Taa za LED za wati 7 zinazotoa mwanga ule ule hula uniti tatu na kitu. Shilingi 9,000 zilifungua nafasi ya uniti 24. Friji nalo lilikuwa limebanwa ukutani, halina pa kutolea joto. Likasogezwa sentimita kumi. Raba ya mlango wake ilijaribiwa kwa karatasi: fungia karatasi mlangoni, uivute, ikitoka bila kukwama baridi inavuja hapo. Sehemu mbili zilivuja, zikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni na kukandwa, zikashika. Baada ya hapo nyumba nzima, pamoja na kupika, ilitumia uniti 71, yaani shilingi 8,662.

Kwa aliyeko T1, uniti hizo 71 ni kama 25,300. Ni pesa. Lakini hata yeye alinganishe na gunia la mkaa, asilinganishe na LUKU ya jirani aliyeko D1.

Kuna wanaouliza kama umeme wenyewe ni safi. Umeme wa gridi ya Tanzania unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia: bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na gesi inatoka Songo Songo na Mnazi Bay. Kwa hiyo sehemu yake bado inachoma gesi ya ardhini. Ila theluthi moja ya uniti kwa sufuria ya maharage ni kitu kidogo mno ukikiweka kando ya kilo za miti zilizokuwa zikiungua kwa sufuria hiyo hiyo. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie huko ifikapo 2034, na sioni namna ya kufika bila kuzungumza wazi kuhusu waya, raba na uniti 75.

Gesi tunatumia kwa vya haraka: chai, mayai, kukaanga. Mtungi wa kilo sita na jiko lake la juu ulikuwa 58,000, kujaza 24,000, na unatutosha siku 40. Nayo ni mafuta ya ardhini, haina utakatifu wowote, ila inaivisha haraka na haikati mti. Mtungi una namba ya uzito wake mtupu iliyogongwa kwenye chuma. Dai upimwe kwenye mzani, toa namba hiyo, ibaki sita. Ukifunga jiko au regulator (kidhibiti cha gesi cha kwenye mtungi), paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo mtungi usilale wala usikae chumba cha kulala.

Jikoni kulibaki maganda. Nyumba ya nazi hutoa takataka nyingi: machicha, vifuu, makumbi, maganda ya mihogo na ndizi. Vikienda dampo vikafukiwa bila hewa hutoa methani, ambayo kwa miaka mia moja hupasha dunia mara 28 hivi kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Machicha wanapewa kuku siku hiyo hiyo, maana kesho yake yamechacha. Vifuu vikikaushwa ni moto mzuri, mkali, wa kuchoma samaki au kupika vitumbua, na havihitaji mti kukatwa.

Vilivyobaki vinakuwa mboji, na tuliiharibu mara mbili kabla haijakubali. Mara ya kwanza ilikuwa pipa la plastiki lisilo na matundu, wakati wa masika: likajaa maji, likanuka uozo, funza wakatambaa hadi ukutani. Hiyo ni dalili ya kukosa hewa, na mboji isiyo na hewa hutoa methani ile ile uliyoikimbia. Sasa ni kizimba cha mbao za pallet, mita moja kila upande, kimewekwa makuti juu. Kila ndoo moja ya maganda mabichi inafunikwa na ndoo tatu za makavu: majani ya mwembe na mkungu, makuti yaliyokatwakatwa. Makumbi yachanwe, mazima hukaa mwaka. Ukikamata konzi na kuibana, itoe tone moja au mawili, isichuruzike. Geuza kila wiki. Wiki kumi hadi kumi na mbili inakuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua. Mifupa ya samaki haiingii humo, panya watahamia. Ifukie sentimita 40 chini ya mgomba.

Mara ya pili kosa lilikuwa majivu. Tulisikia majivu ni mbolea, tukamwaga yote kwenye tuta la mchicha. Majani machanga yakawa ya njano, mishipa imebaki kijani. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina udongo wa matumbawe, wenye chokaa tayari, na majivu huongeza hali hiyo hiyo. Chuma kinakuwepo udongoni lakini mmea haukipati. Tuta lilihitaji mboji ya misimu miwili kurudi. Majivu sasa yanasugulia masufuria.

Jumla iliyotoka mfukoni ni hii: jiko la sahani 75,000, ambalo nalihesabu kama hasara, fundi 62,000, kikapu 14,000, taa 9,000, presha 190,000, gesi 58,000. Zinafika 408,000, na raba juu yake. Zamani mkaa na LUKU vilikuwa karibu 78,000 kwa mwezi. Sasa LUKU, gesi na mkaa kidogo ni kama 33,000. Fedha zilirudi baada ya miezi kumi, si mitatu kama tulivyojipa moyo mwanzoni, na miezi ile ya katikati ilikuwa mizito. Kulikuwa na wiki ambazo 190,000 ilionekana kama ada ya shule iliyotupwa. Asiye nazo aanze na mfuniko, kuroweka na kikapu. Hivyo vitatu vinafanya kazi bila presha.

Mkaa tunanunua sado nne kwa mwezi. Unapikia chapati za wageni wengi, ambazo hakuna aliyezipatia kwenye moto mwingine, na unasubiri siku umeme unapokatika kuanzia asubuhi. Siku hizo maharage hurudi kwenye sado moja ya mkaa, dakika 20 za mchemko, kisha kikapuni.